Kichwa Kimelipiwa

Gauni la nne lilikwama mabegani. Fundi alivuta pumzi, akainua mikono, akamwomba mwanamke wa sinki la jirani amsaidie kulishusha kwa nyuma. Yule mwanamke alikuwa na kazi yake mwenyewe, maana alikuwa anahangaika kuvaa koti juu ya koti, lakini aliiacha, akashika upindo kwa mikono miwili na kuuvuta kama anayevisha mto foronya. Mshono wa kwapani ulilia kidogo, haukuachia. Fundi aliuamini mshono huo kwa sababu aliushona mwenyewe.

"Sasa umejaa," mwenye makoti akasema. "Hata ukianguka hutaumia."

Choo cha wanawake cha uwanja wa ndege kilikuwa kimegeuka chumba cha kuvalia. Nyuma ya milango zilisikika zipu na watu wakigonga viwiko ukutani. Mama mmoja alitoka amevaa suruali juu ya suruali, anatembea miguu imeachana, na hakuna aliyemcheka kwa kuwa kila mtu alikuwa na lake. Juu ya kikaushia mikono walikuwa wamebandika tangazo la shirika la ndege: msichana mwembamba anaruka mawinguni bila hata mkoba, na chini yake maneno mawili, Safiri Mwepesi. Aliyelipwa kuandika maneno hayo hakuwahi kuambiwa atie maisha yake yote kwenye begi la kutosha chini ya kiti.

Fundi aliosha uso, akalinyanyua begi lake kutoka sakafuni kwa mikono yote miwili, akalitia begani. Lilikuwa begi dogo na zito sana. Ndani yake hamkuwa na nguo, wala sabuni, wala picha za watoto. Mlikuwa na kichwa cha cherehani tu, kimeviringishwa taulo.

Kichwa hicho ndicho kilichokuwa kinasafiri, yeye alikuwa anakisindikiza. Wifi yake alikuwa amemtafutia kazi ng'ambo, kwenye karakana ya kushona mashuka ya hospitali, na mwenye karakana alikuwa na sharti moja: meza ninazo, umeme ninao, fundi aje na kichwa chake. Mwenye kichwa anakaa mezani na analipwa mshahara wa fundi. Asiye nacho anakata nyuzi. Anakaa sakafuni na mkasi mdogo, anapunguza nyuzi zilizoning'inia kwenye mashuka ya wenzake, anafagia, na anangoja fundi mmoja augue. Wifi alimweleza bila kumficha. Kwa mshahara wa fundi, mama yake Fundi aliyebaki na watoto nyumbani angeweza kuwarudisha shule. Kwa ujira wa nyuzi mtu anakula na kulala huko huko, na nyumbani anatuma salamu.

Kwa hiyo, siku ya kukata tiketi, jambo la kwanza alilomuuliza dalali kwenye simu lilikuwa hilo.

"Na kichwa je?"

"Kichwa kimoja, dada. Kimeshalipiwa. Mzigo ndio hujalipia."

"Hata kama ni kizito?"

Dalali alicheka mpaka akakohoa. "Dada, kichwa ni kichwa. Sisi hatupimi uzito wa vichwa."

Fundi alikata simu akiwa amefurahi. Akafanya kama alivyoelezwa na mtu anayeijua kazi: kichwa kitaingia bure, mzigo unalipiwa, basi mzigo asiwe nao kabisa. Nguo zote akazivaa. Sufuria akampa jirani. Picha za watoto akazitia ndani ya sidiria.

Kwenye ukaguzi wa kwanza kulikuwa na kichekesho kidogo. Mkaguzi alisimamisha mkanda, akakunja uso mbele ya kioo chake, akauliza humu mna nini, na Fundi akajibu, "Kichwa." Walikusanyika watatu. Taulo lilipofunguliwa walicheka, wakamchukulia pakiti ya sindano, mkasi na bisibisi, wakamwambia apite. Kitendo cha kumruhusu apite alikihesabu kuwa ushahidi. Kama kichwa kisingekuwa kimelipiwa, wangemzuia hapo.

Langoni mambo yalikuwa na sura nyingine. Mbele ya foleni alisimama mhudumu, msichana mwenye skafu ya shirika shingoni, na kando yake kizimba cha chuma chenye mizani chini. Begi likiingia kizimbani na mizani ikanyamaza, unapita. Likigoma kuingia, au mizani ikilia, unalipa hapo hapo, na malipo hayo yalikaribia mara mbili ya nauli yenyewe. Shirika liliyaita huduma ya hiari.

Foleni nzima ilikuwa inajitayarisha kwa kizimba. Bwana mmoja mnene alikuwa anakula mkate mzima, mkavu, tena bila njaa yoyote, jasho linamtoka. Mkate ukiwa ndani ya begi ni mzigo, ukiwa ndani ya tumbo ni abiria. Shirika lilikuwa limefikiria mpaka huko. Yule mwanamke wa chooni, Mama Makoti, alikuwa amejaza mifuko ya makoti yote mawili mpaka mikono yake haishuki. Nyuma ya Fundi alisimama mzee mrefu wa miwani ambaye tayari alikuwa amewaarifu waliomzunguka kwamba ni mwalimu mstaafu, na kwamba nusu ya wakubwa wa leo aliwachapa yeye.

"Watu mnasafiri kama mnahama," Mwalimu akasema, akilitazama begi la Fundi lilivyomlaza bega. "Halafu mnashangaa foleni haisogei."

"Nahama kweli, mwalimu," Fundi akamjibu.

Mwalimu akaguna. Hakuwa amezoea kujibiwa.

Zamu ya Fundi ikafika. Mhudumu hakuinua macho.

"Weka begi kizimbani, mama."

"Hili halina haja, mwanangu. Kichwa kimelipiwa."

"Samahani?"

"Kichwa kimelipiwa. Nguo zangu nimezivaa zote, tazama. Humu sina kitu ila kichwa." Na ili kumrahisishia, Fundi akafungua zipu, akafunua taulo. Kichwa kikaonekana, cheusi, kimepakwa mafuta jana yake.

Mhudumu alikitazama, kisha akatazama kompyuta, kisha akakitazama tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka alfajiri siku nyingi mfululizo.

"Ni kweli kuna kichwa kimoja kimelipiwa," akasema polepole. "Lakini ni hicho chako."

"Ndiyo, changu. Nimerithi kwa shangazi yangu."

"Hapana, mama. Hicho." Akanyoosha kalamu yake na kuielekeza katikati ya paji la uso la Fundi.

Kicheko kilianzia kwa waliokuwa karibu, kikarudi nyuma kwenye foleni kadiri watu walivyosimuliana. Bwana wa mkate alipaliwa. Fundi aliinua mkono akajigusa paji la uso, kama mtu aliyeambiwa ana doa, na alipogundua anafanya nini aliushusha haraka. Aibu ilimpanda ndani ya magauni manne. Kumbe siku zote zile, huyo dalali alikuwa anazungumzia shingo yake na kilicho juu yake.

"Kizimbani, mama," mhudumu akasema, safari hii kwa upole zaidi.

Begi liliingia kizimbani bila taabu. Mizani ililia kabla hajaliachia.

"Unalipa kwa kadi?"

"Sina kadi. Nina hizi." Fundi alitia mkono kifuani, akatoa noti zilizokunjwa pamoja na picha za watoto. Zilikuwa za basi la kumfikisha kwa wifi na za kula mpaka mwisho wa juma.

"Taslimu hatupokei. Na hata tungepokea, hizo hazifiki. Simama pembeni, mama, wengine wapite."

Alisimama pembeni, akampigia dalali. Dalali alipokea akiwa mahali penye muziki.

"Uliniambia kichwa kimelipiwa."

"Si uko hapo uwanjani? Kama kisingelipiwa ungefika hapo?"

"Kichwa cha cherehani."

Muziki uliendelea kidogo. "Dada," dalali akasema, "mimi nauza viti. Mambo ya vyuma vyako ungeniambia vyuma." Akakata.

Foleni ikasogea. Mwalimu mstaafu aliweka sanduku lake kizimbani kwa mkono mmoja, huku anatazama saa, kama mtu asiyehusika na mambo ya aina hiyo. Sanduku likagota. Lilikuwa na magurudumu, na magurudumu yalizidi kizimba kwa upana wa kidole. Mwalimu akalisukuma. Akaligeuza. Akasema amesafiri na sanduku hilo tangu wazazi wa mhudumu hawajaoana. Mhudumu akataja bei. Mwalimu akalilaza sanduku sakafuni, akavua koti, akaanza kuyapiga magurudumu teke kwa kisigino. Mtu mzima wa heshima zake, mwenye mvi, anaruka juu ya sanduku langoni mbele za watu. La kwanza lilivunjika kwa mlio mkali, likabiringika hadi kwenye viatu vya Fundi. Sanduku likaingia. Mwalimu alivaa koti lake tena, akapita kamba, lakini hakwenda kukaa. Alirudi mpaka pale Fundi aliposimama, na sasa watu wote waliokuwa wakimchelewesha walikuwa ndugu zake.

"Huu ni wizi," akasema kwa sauti ya darasani. "Ni wizi wa mchana, na sisi tumenyamaza kama kondoo. Mama, hicho chuma chako kinafunguka?"

"Kinafunguka. Lakini bisibisi wameichukua."

"Nani ana sarafu?"

Mama Makoti alikuwa nayo. Ikawa kazi. Fundi alichuchumaa sakafuni, kwa taabu kwa sababu ya magauni, akalitandika taulo, akaanza kukifungua kichwa kwa sarafu na kwa kucha. Vidole vyake vilijua parafujo ipi inaachia upesi na ipi inataka kubembelezwa. Aliondoa mota. Akaondoa pedali na waya wake. Akaondoa gurudumu la mkono, akakitenganisha kibao cha chini. Watu walisimama kumzunguka wakimkinga, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyekuwa anatazama saa. Mota aliichukua Mwalimu, akaitia mfuko wa ndani wa koti, ukafura kama titi. Pedali na kibao alivichukua bwana wa mkate, ambaye begi lake lilikuwa limepata nafasi. Gurudumu alilibeba Mwalimu pia, mfuko wa nje, akisema yeye hafanyi jambo nusu. Mwisho Fundi alitoa kijumba cha bobini, kile kichuma cha mviringo kinachokaa chini ya sindano, kidogo kuliko kidole gumba, na hicho ndicho alichokiogopea zaidi, kwa kuwa bila hicho cherehani haishoni hata hatua moja. Alimpa Mama Makoti mkononi.

"Nitakukabidhi ndani," Mama Makoti akasema. "Usiniangalie sana, watajua."

Waliobeba wakapita mmoja mmoja, wakakaa kwenye viti vya upande wa pili wa kamba, wametulia mno. Fundi alirudi kizimbani na kichwa kilichobaki. Mizani ilitafakari. Haikulia.

Mhudumu alikuwa ameona kila kitu, hakuna asiyeona watu wakifungua cherehani miguuni pake. Lakini alikuwa amepata shughuli kubwa ghafla kwenye kompyuta. "Pita, mama," akasema, akiwa bado anaitazama kompyuta.

Fundi alipiga hatua ya kwanza, akavuka kamba.

"Ngoja kidogo," sauti ikasema.

Aliyesema alikuwa ameegemea nguzo, kikombe cha kahawa mkononi, redio kiunoni. Viatu vyake viling'aa. Alikuwa msimamizi wa lango, na kwa namna alivyotembea ilionekana alikuwa pale nguzoni tangu sarafu ilipotoka. Alikuwa amewaacha wamalize. Alimpita Fundi bila kumtazama, akamwinamia mhudumu, na hakujisumbua kushusha sauti.

"Ulikuwa unampitisha?"

"Mizani haikulia, bosi."

"Leo umetoza ada ngapi?"

"Bado sijafikisha idadi."

"Bado hujafikisha, halafu unagawa sadaka. Akipita huyu, mwisho wa mwezi unamlipia wewe. Sawa?"

Mhudumu alikaza skafu yake iliyokuwa imekaza tayari. "Sawa, bosi."

Msimamizi akaigeukia ile safu ya viti. Alikuwa na tabasamu zuri, la mtu aliyefundishwa kutabasamu katika semina.

"Ndugu abiria, samahani kwa usumbufu. Kuna yeyote aliyebeba kitu ambacho si chake?"

Bwana wa mkate alianza kusoma tiketi yake.

"Nauliza kwa faida yenu. Kubeba kitu cha mtu usiyemjua ni kosa la usalama. Hapa si suala la mzigo tena. Nikikipata mimi, mtu huyo hasafiri, na naita polisi waje wamuulize alijuaje kuwa hakuna kitu ndani yake. Wanaweza kumuuliza mpaka kesho."

Redio ilikoroma kiunoni mwake. Wa kwanza kusimama alikuwa Mwalimu.

"Mimi niliombwa tu," akasema. Sauti ya darasani ilikuwa imekwisha. "Niliombwa na huyu mama. Hata sikuangalia ni nini." Akatoa mota mfukoni, akaiweka juu ya kaunta, akatoa na gurudumu, akafuta mafuta vidoleni kwa leso. Aliporudi kwenye kiti chake alipita karibu kabisa na Fundi, na akatafuta kitu cha kutazama upande wa dirishani. Amewachapa nusu ya wakubwa wa leo. Bila shaka ndipo walipojifunzia.

Bwana wa mkate alifuata na pedali na kibao. Yeye angalau alikuwa na haya.

Msimamizi akasimama mbele ya Mama Makoti. "Na wewe, mama? Una mifuko mingi."

"Nina mifuko mingi na vitu vyangu mwenyewe," Mama Makoti akasema. "Unataka nivue? Nivue hapa hapa? Nikianza kuvua mimi sijui nitaishia wapi."

Wachache walicheka. Msimamizi alimpima kwa macho, akaona kazi yenyewe ni kubwa, akamwacha.

"Basi, mama," akamwambia Fundi kwa ukarimu mkubwa. "Tumalize hili tusafiri. Hivi vyote ni vyako?"

"Ni kitu kimoja. Ni kichwa kimoja."

"Naona kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano." Kila alipotaja aligusa kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu asije akajipaka mafuta. "Ada yetu ni kwa kila kipande."

Fundi hakuelewa mara moja. Mhudumu ndiye aliyeelewa, akainamisha uso.

"Kabla hakijafunguliwa kilikuwa kipande kimoja," Fundi akasema.

"Ni kweli. Hapo ungelipa kimoja."

"Basi niunganishe. Nipe bisibisi, nakiunganisha sasa hivi mbele yako."

"Lango linafungwa, mama. Siwezi kuwachelewesha wenzako kwa ajili ya ufundi. Na bisibisi haziruhusiwi eneo hili." Akanywa kahawa kidogo. "Hakuna anayekulazimisha. Hii ni huduma ya hiari. Unaweza kulipa, unaweza kuviacha, unaweza kuahirisha safari. Tiketi yako hairudishiwi pesa, hilo nadhani ulielezwa."

"Ni kazi yangu hiyo. Bila hicho huko ninakokwenda sina kazi."

"Nakuelewa kabisa."

"Kimekuwa chepesi. Mizani imenyamaza, kila mtu ameona. Na vile vingine nitavishika mkononi, nitavikalia."

"Ndege imejaa, mama. Huko juu ya viti hakuna hata pa kuweka kofia. Ndiyo maana tunawapima. Tungekuwa na nafasi, mimi mwenyewe ningekubebea."

Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, tabasamu likiwa mahali pake. Fundi alitamani kumpiga kwa lile gurudumu. Alitamani kweli, aliona hata mahali pa kumpiga, juu kidogo ya sikio. Badala yake alitoa simu, akampigia wifi yake.

"Wamekizuia kichwa," akasema.

Wifi alikuwa karakanani. Nyuma yake zilisikika cherehani nyingi zikienda kwa pamoja, mlio ambao Fundi angeutambua hata usingizini.

"Nirudi nyumbani nikajipange upya?" Fundi akajiuliza kwa sauti. "Nije mwezi ujao?"

"Mwezi ujao, wifi yangu, kibali chako kimekwisha. Na hiyo nafasi kuna watu wanailalia mlangoni. Njoo hivyo hivyo."

"Nije nikate nyuzi."

"Njoo ukate nyuzi," wifi akasema. "Angalau utakuwa umefika."

Fundi alirudisha simu ndani ya sidiria, juu ya picha za watoto. Mama yake angengoja mwezi wa kwanza, wa pili, kisha angeacha kuuliza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuacha kuuliza. Watoto wangeendelea kukaa barazani asubuhi, wakiwaona wenzao wanavyopita na sare. Sare hizo alizishona yeye, kwa kichwa hicho.

"Naviacha," akasema.

"Kwa hiari?" msimamizi akauliza. "Samahani, lazima niulize."

Fundi alimtazama. Msimamizi alingoja, kikombe kikiwa karibu na mdomo, mpaka akasikia neno lenyewe.

"Kwa hiari."

Karibu na kaunta lilikuwapo pipa kubwa la plastiki lenye kifuniko. Ndani yake mlikuwa na mto wa mtoto, viatu vya upande mmoja mmoja, chupa za mafuta ya kujipaka, blanketi zuri kabisa. Mhudumu alianza kuvitia vipande humo kimoja kimoja, anavilaza taratibu juu ya lile blanketi. Msimamizi alimwambia aache mapenzi, akamalizia mwenyewe. Kichwa kilitua juu ya mota kwa kishindo. Fundi alisikia kitu ndani yake kikikatika, na kwa sauti tu alijua ni nini: ni ule mkono mwembamba unaovuta uzi. Kilikuwa kipuri cha bei ndogo, ila hakipatikani tena madukani.

Alipita kwenye njia ya kuingilia na begi tupu begani. Lilikuwa jepesi kiasi cha kumyumbisha. Magauni manne yalikuwa yameloa mgongoni, na alipojaribu kuvua la juu hakuweza peke yake, akaliacha.

Mlangoni mwa ndege alisimama, waliokuwa nyuma yake wakamgonga. Viti vingi havikuwa na watu. Na juu ya viti, pande zote mbili, tangu mbele mpaka nyuma, makabati ya mizigo yalikuwa wazi, vifuniko vimeinuliwa. Ndani yake hamkuwa na kitu. Ila katika lile la mbele kabisa lilikuwamo sanduku la Mwalimu lisilo na magurudumu, limelala peke yake, na mbele yake na nyuma yake pangeenea masanduku mengine mengi. Mwalimu mwenyewe alikuwa amejifunika gazeti.

Kiti cha Fundi kilikuwa kwenye safu ya mlango wa dharura. Alikaa, akafunga mkanda juu ya magauni, mkanda ukafika kwa shida. Baada ya muda mtu alimpita kwenye njia, mkono ukateremka, na kitu kidogo cha baridi kikaingia kiganjani mwake. Alipoinua macho aliona mgongo tu wa makoti mawili ukienda nyuma. Alifungua kiganja. Kijumba cha bobini. Bado kilikuwa na bobini ndani, na bobini ilikuwa na uzi mweupe aliouzungushia jana, tayari kwa mashuka.

Alikifumba. Hakulia, hasira ilikuwa imezidi machozi.

Mhudumu wa ndani ya ndege alikuja akikagua mikanda. Naye alikuwa na skafu. Aliona ngumi iliyofumbwa, akainama.

"Una nini mkononi, mama?"

Fundi akamwonyesha.

"Kizuri. Ni pambo?" Hakungoja jibu. "Safu hii haturuhusu kitu chochote mkononi wakati wa kupaa. Kanuni za usalama. Lete nikuwekee juu, leo nafasi ipo tele."

Alikichukua kwa vidole viwili, akakiweka ndani ya kabati lililokuwa juu ya Fundi, akashusha kifuniko mpaka kikalia. Ndege ilianza kukimbia, ikainua pua. Huko juu kijumba kikasikika kikibiringika kutoka mwanzo wa kabati hadi mwisho wake, kikagonga, kikaanza kurudi, wala hapakuwa na begi hata moja la kukizuia.